Je, Kweli Paka Mmoja Alimaliza Spishi Nzima ya Ndege?

Kama umewahi kusoma somo lolote la uhifadhi, huenda umeisikia hadithi hii. Kulikuwa na kisiwa kidogo huko New Zealand. Kisiwani humo aliishi ndege mdogo asiyeruka, ambaye hakuna mwanasayansi aliyemfahamu. Akaja mtunza taa wa mnara wa kuongozea meli, na paka wake aliyeitwa Tibbles. Paka akakamata ndege wa kwanza, akamleta mlangoni. Akakamata wa pili, wa tatu, mpaka akawamaliza. Spishi nzima iligunduliwa na paka, na paka huyo huyo akaifuta duniani ndani ya mwaka mmoja.

Mimi niliisikia mwaka wa kwanza chuoni. Mhadhiri aliisimulia vizuri mpaka darasa zima likacheka, nami nikaiandika kwenye daftari kama nilivyoisikia. Miaka kadhaa baadaye, nikiandaa semina ya shahada ya uzamili kuhusu viumbe vamizi, nikataka kuiweka kwenye slaidi ya kwanza. Nikaanza kutafuta chanzo chake. Makala hii inanukuu ile, ile inanukuu kitabu, kitabu hakinukuu chochote. Mwisho nikafika kwenye utafiti wa Ross Galbreath na Derek Brown, uliochapishwa mwaka 2004 katika jarida la ndege la New Zealand liitwalo Notornis. Wawili hawa walifanya jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatujalifanya: walirudi kwenye barua, kumbukumbu za serikali na magazeti ya miaka ya 1890, wakasoma upya kila kitu.

Kumbe kesi ilikuwa tofauti. Na tofauti yenyewe si porojo za wanahistoria, kwa sababu namna tunavyoisimulia hadithi ya paka na ndege ndiyo inayoamua tunafanya nini na paka leo. Hivi ninavyoandika, kuna kisiwa cha Afrika Kusini ambako ndege wakubwa wanaliwa wakiwa hai, na sehemu ya sababu ni historia ya paka. Tutafika huko. Twende taratibu.

Kisiwa na taa yake

Kisiwa cha Stephens, ambacho Wamaori wanakiita Takapourewa, kipo kwenye mlango-bahari wa Cook, unaotenganisha visiwa viwili vikubwa vya New Zealand. Ni kidogo: kilomita ya mraba moja na nusu tu. Kina miamba mikali, na wakati huo kilikuwa kimefunikwa na msitu. Meli nyingi zilipita eneo lile, kwa hiyo serikali ikaamua kujenga mnara wa taa. Kazi ilianza mwaka 1892, na taa ikawashwa kwa mara ya kwanza Januari 1894. Watunza taa wakahamia na familia zao, na mifugo yao. Sehemu ya msitu ikafyekwa ili kupata malisho.

Msaidizi mmojawapo wa mtunza taa aliitwa David Lyall. Hakuwa mwanasayansi, lakini alipenda sana viumbe. Katikati ya mwaka 1894, ambayo kule ni majira ya baridi, paka alianza kuleta nyumbani ndege wadogo ambao Lyall hakuwatambua. Walikuwa na manyoya laini ya rangi ya kahawia-kijani, mkia mfupi na mabawa mafupi ya mviringo. Mtu mwingine angewatupa jalalani. Lyall aliwachuna na kuzihifadhi ngozi zao.

Yeye mwenyewe aliwaona wakiwa hai mara mbili tu. Alieleza kwamba walitoka kwenye mashimo ya miamba, wakakimbia chini kama panya, na hawakuruka kabisa. Kauli hiyo fupi ya mtunza taa ndiyo karibu yote tunayoijua kuhusu tabia za ndege huyu. Hakuna aliyewahi kuona kiota chake na kuandika, wala hakuna aliyeandika sauti yake. Spishi nzima imebaki kwenye sentensi chache na vielelezo takriban 15 vilivyotawanyika kwenye makumbusho mbalimbali.

Ndege mmoja, majina mawili

Kilichofuata ni kama tamthilia. Lyall alimpa kielelezo kimoja fundi wa pili wa injini katika meli ya serikali, Hinemoa, iliyokuwa ikipeleka mahitaji kisiwani. Fundi huyo, A. W. Bethune, akakifikisha kwa Walter Buller, mwanasheria na mtaalamu maarufu wa ndege wa New Zealand. Buller alijua mara moja kwamba ameshika kitu kipya. Akaandika maelezo yake, akayapeleka Uingereza kwenye jarida la Ibis pamoja na kielelezo chenyewe ili kichorwe picha ya rangi. Kwa usafiri wa meli wa siku zile, hapo ni kusubiri miezi.

Wakati huo huo Lyall alikuwa akiwasiliana na mtu mwingine, Henry Travers, mfanyabiashara wa vielelezo mjini Wellington. Travers alijua thamani ya ndege adimu. Naye hakumpelekea Buller. Aliwauza ndege tisa kwa Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na makumbusho yake binafsi huko Tring. Rothschild hakusubiri picha wala nini. Desemba 1894 aliwasilisha maelezo mafupi kwenye kikao cha klabu ya wataalamu wa ndege mjini London, na yakachapwa mwezi huo huo. Akampa ndege jina *Traversia lyalli*, kwa heshima ya Travers na Lyall. Makala ya Buller, aliyempa ndege jina *Xenicus insularis*, ilitoka Aprili 1895. Katika kanuni za majina ya kisayansi, anayechapisha kwanza ndiye mshindi. Buller alikasirika, lakini kesi ilikuwa imeshaisha.

Sasa angalia tarehe. Wakati makala ya Buller inatoka, ikieleza spishi mpya kwa furaha zote, ndege mwenyewe huenda alikuwa ameshakwisha. Travers alienda kisiwani mapema mwaka 1895 kutafuta wengine wa kuuza, akiwa na watu wa kumsaidia. Hawakupata hata mmoja. Machi 1895 gazeti la The Press la Christchurch likaandika kwamba kuna kila sababu ya kuamini ndege huyo hayupo tena, na kwa kejeli likasema pengine hiyo ni rekodi katika kuangamiza viumbe.

Kwa hiyo Lyall aliandikwa kwenye jina la ndege, Travers akaingiza pesa, Rothschild akapata sifa, Buller akabaki na manung'uniko. Na paka akabebeshwa lawama zote.

Tibbles ni nani?

Hapa ndipo utafiti wa mwaka 2004 unapoanza kuivuruga hadithi tamu. Kwanza, jina Tibbles halimo kwenye nyaraka za wakati ule. Ni pambo la baadaye. Pili, na hili ndilo kubwa, hapakuwa na paka mmoja. Hadithi ya paka mmoja ilipata nguvu baada ya Rothschild mwenyewe kuandika, miaka kama kumi baadaye, kwamba paka wa mtunza taa ndiye aliyewamaliza. Rothschild hakuwahi kukanyaga kisiwa kile.

Nyaraka zinaonyesha nini? Inaelekea mwanzoni mwa 1894 alifika kisiwani paka jike mwenye mimba, akatoroka. Lyall aliandika katika barua kwamba paka wameingia mwituni na wanafanya maangamizi makubwa kwa ndege wa kila aina. Ameandika kwa wingi: paka, sio paka mmoja. Februari 1895 mkuu wa mnara aliandikia idara yake kuomba bunduki na risasi ili kupambana na paka wengi waliokuwa wakizurura kisiwani.

Je, inawezekana paka wengi kiasi hicho kutoka kwa mmoja, ndani ya mwaka? Tufanye hesabu ya karatasini. Chukua jike mmoja anayezaa watoto wanne mwezi Machi: majike wawili, madume wawili. Paka hukomaa akiwa na miezi sita hivi, na mimba yake ni ya miezi miwili tu. Kufikia Septemba watoto wamekomaa. Mama na binti zake wawili wakipata mimba mwezi huo, kila mmoja akazaa wanne, Novemba wanazaliwa 12. Jumlisha mama na wale wanne wa kwanza, unapata 17 kwenye kisiwa cha kilomita ya mraba moja na nusu. Hapo hakuna paka mwingine yeyote aliyeletwa. Ni makadirio yangu tu, sio takwimu za kisiwani, na wengine wangeweza kufa. Lakini yanatosha kuonyesha kwamba ombi la bunduki halikuwa la mtu anayeota.

Watu wa pwani wana neno zuri kwa paka wa namna hii: *paka shume*, yaani paka aliyeacha nyumba akageuka wa mwituni, hana bwana na haitiki mtu. Tunapochanganya paka wa nyumbani na paka shume tunaharibu mjadala tangu mwanzo. Aliyeleta ndege mlangoni kwa Lyall alikuwa wa nyumbani. Waliomaliza kazi walikuwa shume. Kufikia mwaka 1899, mkuu mpya wa mnara alikuwa ameshapiga risasi zaidi ya paka 100. Kisiwa kilikuja kuwa bila paka mwaka 1925, yaani miaka 31 tangu taa iwashwe.

Mifupa nayo ikasema

Kuna sehemu nyingine ya kesi ambayo hadithi ya Tibbles inaificha kabisa. Miaka mingi baada ya 1895, watafiti waliokuwa wakichimba mapangoni walianza kupata mifupa ya ndege huyu. Hawakuipata Stephens. Waliipata kwenye visiwa vikuu vya New Zealand, Kaskazini na Kusini. Kumbe ndege wa Lyall hakuwa wa kisiwa kimoja. Aliwahi kuenea nchi nzima. Mifupa yake ilithibitisha pia maneno ya mtunza taa: mfupa wa kifua, pale misuli ya kurukia inaposhikilia, ulikuwa umepungua sana. Hakuwa ndege wa kuruka.

Halafu jiulize: ndege asiyeruka alifikaje kisiwani? Alitembea. Wakati wa enzi ya barafu kina cha bahari kilikuwa chini, na sehemu ile ilikuwa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka na maji kupanda, kilima kikageuka kisiwa, na ndege wakabaki juu yake bila kujua kwamba wamebahatika. Maana huko bara mambo yaliharibika. New Zealand haina mamalia wa asili wa nchi kavu isipokuwa popo. Ndege walikuwa wamezoea kutaga na kukimbia chini bila hofu. Karne ya 13 hivi, wahenga wa Wamaori walipofika kwa mitumbwi, alikuja nao panya wa Pasifiki, na viumbe wengi wadogo wa ardhini wakaanza kupukutika. Ndege wa Lyall akafutika bara yote. Panya hao hawakufika Stephens.

Kwa hiyo paka shume wa mwaka 1894 hawakuimaliza spishi iliyokuwa salama. Walimalizia mabaki. Panya walikuwa wameshakula shamba zima. Paka walikuta kona moja iliyobaki. Na kona hiyo yenyewe ilikuwa imeanza kufyekwa msitu.

Hii haimsafishi paka. Bila paka, inawezekana ndege huyu angekuwepo leo, kama alivyopona tuatara, yule reptilia wa kale ambaye mpaka sasa anaishi Stephens kwa makumi ya maelfu. Lakini inabadilisha swali. Badala ya kuuliza "paka gani?", tunauliza "ni mnyororo gani wa maamuzi ya watu uliofikisha spishi nzima kwenye kilima kimoja, kisha ukamfungulia paka mlango?"

Marion: paka watano

Kama unadhani hayo ni mambo ya karne ya 19, twende Kisiwa cha Marion, milki ya Afrika Kusini, kama kilomita 2,000 kutoka Cape Town kuelekea kusini-mashariki. Afrika Kusini ilikitwaa mwishoni mwa 1947, ikajenga kituo cha hali ya hewa. Kituo kilisumbuliwa na panya wadogo wa nyumbani, walioletwa na meli za wawindaji wa sili zaidi ya karne moja kabla. Suluhisho? Lile lile ambalo bibi yangu, na pengine bibi yako, angelitoa: leta paka. Mwaka 1949 kulikuwa na paka watano.

Tatizo ni kwamba paka haajiriwi kwa mkataba. Unamleta ale panya, yeye anakula kinachopatikana kwa urahisi. Marion palikuwa na ndege wa bahari wasiohesabika wanaotaga kwenye mashimo ardhini, kila jozi yai moja kwa mwaka, na hawakuwahi kuona mnyama anayeingia shimoni kuwafuata. Kufikia mwaka 1975 paka shume walikadiriwa kuwa zaidi ya 2,000, na watafiti wakakadiria kwamba wanaua ndege wa bahari kama 450,000 kila mwaka. Aina moja ya ndege hao ikaacha kabisa kuzaliana kisiwani.

Mwaka 1977 wanasayansi walichukua hatua nzito: waliingiza virusi vya panleukopenia, ugonjwa hatari wa paka, kwa kuachia kisiwani paka walioambukizwa. Idadi ikashuka kutoka takriban 3,400 hadi kama 615 mwaka 1982. Lakini virusi havimalizi kazi. Waliobaki walijenga kinga. Kuanzia 1986 zikapelekwa timu za wawindaji wa usiku, bunduki mkono mmoja, taa mkono mwingine, kwenye kisiwa chenye upepo na mvua karibu kila siku. Kisha mitego. Paka wa mwisho alinaswa mwaka 1991.

Hesabu yake: paka watano waliletwa kwa urahisi ndani ya meli moja, na kuwaondoa uzao wao kulichukua miaka 14, ugonjwa, risasi na vijana wengi waliolala kwenye baridi.

Paka akiondoka, panya hutawala

Methali hii tunaitumia kwa wafanyakazi bosi akisafiri. Marion imekuwa ripoti ya kisayansi.

Baada ya 1991, watu walitegemea ndege warudi. Walirudi kidogo. Uchunguzi wa mashimo ya ndege uliofanyika 2013, ukilinganishwa na ule wa 1979, ulionyesha ongezeko, lakini dogo kuliko lililotarajiwa. Panya walikuwa bado wapo. Joto la kisiwa lilikuwa limepanda zaidi ya nyuzi 1 katika nusu ya pili ya karne ya 20, na hali hiyo iliwafaa panya: msimu wa kuzaana ukarefuka. Wakaongezeka, wakala wadudu na mbegu mpaka vikapungua. Wakaanza kutafuta chakula kingine.

Mwaka 2003 ndipo yalipoonekana majeraha ya kwanza kwenye vifaranga vya albatrosi. Kufikia 2015 mashambulizi yalikuwa yameenea kisiwani. Panya mwenye uzito wa gramu chache anapanda usiku juu ya kifaranga mwenye kilo kadhaa, anamtafuna mgongoni au kichwani, na kifaranga anakaa tu. Hakimbii wala hajitetei, kwa sababu hakuna chochote kwenye historia ya spishi yake kilichomfundisha kwamba kitu kidogo hivyo ni hatari. Anakufa kwa siku kadhaa. Mwaka 2023 walipatikana hata albatrosi wakubwa waliouawa namna hiyo. Na Marion ni makao ya takriban robo ya albatrosi wahamaji wote duniani.

Je, basi ilikuwa kosa kuwaondoa paka? Hapa watu wengi hukurupuka kusema ndiyo. Lakini rudia takwimu: ndege 450,000 kwa mwaka. Hata panya wa leo, kwa ubaya wao wote, hawahalalishi kuwarudisha paka. Kosa lilikuwa kudhani kwamba tatizo lina jina moja. Paka waliletwa kwa sababu ya panya, paka wakaondolewa, panya wakabaki pale pale walipokuwa. Sasa kuna mradi mkubwa wa shirika la uhifadhi wa ndege na serikali ya Afrika Kusini unaolenga kumwaga chambo cha sumu kwa helikopta juu ya kisiwa chote, kilomita za mraba 290. Ni kazi ya kufanikiwa kwa asilimia mia au kushindwa kabisa. Ukibakiza panya mmoja mwenye mimba, unarudi kwenye hesabu yetu ya karatasini.

Kisiwa cha Macquarie cha Australia kilipitia somo linalofanana. Paka wa mwisho aliondolewa mwaka 2000. Baada ya miaka michache sungura walizidi 100,000 na kula majani mpaka miteremko ikaporomoka. Mwaka 2009 kundi moja la watafiti likasema: mmeona, mmeondoa paka, sungura wamelipuka. Kundi lingine likajibu kwamba mnasahau virusi vya sungura vilivyokuwa vikitumika kuwapunguza, ambavyo makali yake yalikuwa yamefifia. Mabishano hayo yalikuwa na faida. Awamu iliyofuata haikulenga mnyama mmoja. Iliwalenga sungura, panya wakubwa na panya wadogo kwa pamoja, na mwaka 2014 kisiwa kikatangazwa kuwa huru.

Na paka wa sebuleni?

Watu wakisikia haya hugeuka kumwangalia paka wao kwa jicho baya. Nako kuna historia yake.

Mwaka 1987 Peter Churcher na John Lawton walichapisha utafiti wa kijiji cha Felmersham, Uingereza. Njia yao ilikuwa rahisi hadi unatabasamu: waliwaomba wenye paka kama 70 wawawekee kila mzoga ambao paka ameuleta nyumbani kwa mwaka mzima. Wakapata zaidi ya 1,000. Ulikuwa utafiti mzuri, lakini una tundu moja: unahesabu kinacholetwa nyumbani tu. Ni sawa na kupima mtu anakula kiasi gani kwa kuangalia makombo mezani.

Tundu hilo lilizibwa na kamera ndogo za shingoni. Utafiti wa Georgia, Marekani, uliochapishwa 2013 na uliofuatilia paka 55, ulionyesha kwamba chini ya robo tu ya mawindo ndiyo yaliyoletwa nyumbani. Wa Cape Town, uliotoka 2020, ulipata asilimia 18. Maana yake unachokiona mlangoni ni sehemu moja tu kati ya tano hivi. Mwaka huo huo wa 2013 Scott Loss na wenzake walikadiria kwamba paka wa Marekani wanaua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka, wengi wao wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Pengo kati ya bilioni 1.3 na 4 peke yake linakuambia makadirio haya yana mashaka kiasi gani, na wakosoaji walilisema hilo kwa sauti.

Swali lililobaki ni je, ndege aliyeuawa angekufa hata bila paka, kwa njaa au ugonjwa? Bara, mara nyingine jibu ni ndiyo. Kisiwani, kwa ndege wa Lyall, jibu lilikuwa wazi. Ndiyo maana ni makosa kuchukua takwimu za Marion na kuzibandika Morogoro au Nakuru. Kwetu, ndege na panya wa porini wamekua pamoja na kanu, nguchiro, fungo, na paka pori wa Afrika, ambaye ni spishi ile ile iliyozaa paka wa nyumbani. Wanajua maana ya kucha. Lakini tuna visiwa pia, na tuna vipande vya misitu vilivyozungukwa na nyumba na mashamba, ambavyo kila mwaka vinazidi kufanana na visiwa. Tathmini ya mwaka 2016 ya wanyama walao wenzao walioingizwa na binadamu iliwahusisha paka na kutoweka kwa spishi 63 za ndege, mamalia na reptilia. Waathirika wengi walikuwa wa mahali ambapo hawakuwa na pa kukimbilia.

Ukiwa na paka, kuna mambo ya kufanya bila kumgeuza adui. Mhasi. Mlaze ndani usiku. Usimtupe akizidi, maana aliyetupwa ndiye shume wa kesho. Na utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa 2021 ulipata jambo la kufurahisha: paka waliopewa chakula chenye nyama nyingi walileta mawindo pungufu kwa asilimia 36, na waliochezeshwa na wenyewe dakika tano hadi kumi kwa siku, pungufu kwa asilimia 25. Paka anayelishwa mabaki ya ugali ili "awe na njaa ya panya" hachagui panya peke yake.

Ile slaidi ya semina niliitumia hatimaye. Kichwa chake cha kwanza kilikuwa "Tibbles, paka aliyemaliza spishi". Nikakifuta. Nikaweka orodha: panya kwenye mitumbwi, shoka kwenye msitu, jike mmoja mwenye mimba, bunduki iliyoombwa Februari 1895 ikiwa tayari tumechelewa, na watu wawili wanaoshindania jina. Profesa mmoja akaniuliza, sasa mwenye hatia ni nani? Nikamwambia ndege hakuwa na mtu wa kumwombea bunduki mwezi mmoja mapema. Hilo ndilo swali ambalo Marion inatuuliza sasa hivi, huku albatrosi akiwa bado amekaa juu ya kiota.